Neno Nililowapa Watu wa Mtoni

Jumatatu, 18 Aprili 1977

Nimerudi Lodwar jioni hii kutoka Kakuma. Nimeoga, nimekunywa chai, na bado mchanga wa mto Tarach uko kwenye meno. Situlii. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Kule mvua haikunyesha. Hata tone! Ilinyesha milimani, mbali, watu hawakuona wingu lolote. Mto ulikuwa mchanga mkavu, wanawake wanachimba maji humo humo katikati. Halafu sauti kama ya lori linalopanda mlima. Halafu maji, na ndani ya maji miti mizima na mizizi yake. Mama mmoja na wanawe hawajapatikana.

Bwana Mureithi, mwenyekiti wetu wa Kamati ya Mafuriko, alisimama ukingoni kofia mkononi. Tulipoanza kuona mabati ya Lodwar ndipo akafungua mdomo: Hapa kwetu haitatokea, Jerotich. Si nikiwa hai.

Nilimwamini. Namwamini hata sasa.

Jumatano, 20 Aprili

Mkutano wa kamati. Mimi kazi yangu ni redio ya mawasiliano tu — naita Kainuk, naita Kakuma, naandika wanachosema. Lakini nimetiwa kwenye kamati kwa sababu habari ya maji itapitia masikioni mwangu kwanza.

Mpango ni huu. Cornelius, mwenzangu wa redio kule Kainuk, akiona mto wetu, Turkwel, umepanda, ananiita. Maji hayafiki hapa upesi, mto una kona nyingi. Mimi namwambia Ekuru, dereva, tunashuka na Land Rover hadi kwenye vibanda vya watu wanaoishi kando ya mto. Watu wanapanda hadi uwanja wa shule. Basi. Mpango mwepesi, mzuri! Nilijisikia mtu wa maana pale mezani.

Halafu, vikombe vinakusanywa, viti vinaburutwa, Bwana Mureithi akaongeza jambo. Wakishatoka, hakuna kurudi. Askari wa kamati watasimama pale na vibanda vitavunjwa. Watapewa kiwanja nyuma ya kilima, kule kwenye mawe.

Nikauliza, na maji ya kunywa? Akajibu, litaangaliwa baadaye. Nikauliza, wameambiwa? Akaniangalia kwa upole kabisa: Ukiwaambia, watatoka?

Ijumaa, 22 Aprili

Nimeshuka mtoni kwa Nakiru. Sikuwa na sababu. Nilisema nataka kikapu.

Ni yeye aliyeniuguza malaria mwaka wangu wa kwanza hapa, wakati sikujua mtu na nilikuwa nalia usiku nikitaka baridi ya kwetu Cherang'any. Anasuka vikapu kwa majani ya mikoma, ile mitende ya mwituni, na mikoma iko pale pale kando ya maji. Kule kwenye mawe hata kivuli hakuna, sembuse mkoma.

Akanisalimu kwa Kiturkana: "Ejok, Jerotich. Wewe nakonda. Redio nakula wewe?"

Nikacheka. Akanisimulia tena habari ya mwaka wa kipindupindu. Waliambiwa tokeni, ugonjwa, wakatoka. Waliporudi walikuta askari, na vibanda ni majivu. Anasimulia bila hasira, anapima jani la mkoma kwa vidole huku anaongea. Mama mkwe wake, bibi kizee Mama Awoi, alikaa mlangoni akinitazama tu.

Ulimi wangu ulifika kwenye meno ukarudi. Nimenunua kikapu ambacho sikihitaji!

Jumapili, 24 Aprili

Kanisani sikusikia mahubiri. Upepo ukitikisa mikoma unatoa sauti kama maji yanakuja. Nimetoka nje mara mbili kuangalia mto. Bibi mmoja akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 26 Aprili

Imefika.

Mchana, nimevaa visikio vya redio, sauti ya Cornelius. Yeye huwa haanzi bila mzaha — leo hakuna mzaha. "Lodwar, Lodwar, hapa Kainuk. Maji yamepanda hadi kwenye miti. Yanabeba ng'ombe. Barabara ya Kitale imekatika. Umenipata? Ova." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikaandika hadi penseli ikavunjika.

Nikakimbia kwa Bwana Mureithi. Akasimama hata kabla sijamaliza. Nendeni!

Tulipofika, mto ulikuwa chini kabisa. Watoto wanaoga, maji ya magotini. Jua kali. Ekuru alitoka kwenye gari akatangaza kwa Kiturkana, na watu wakaja, lakini hakuna aliyegeuka kuchukua kitu. Hawakubisha kwamba mto unaweza kuja. Wanaujua mto kuliko sisi wote. Walikuwa wanatazama gari la kamati.

Nakiru akaja mbele, mtoto mgongoni.

"Hii ni maji ama ni askari?"

"Ni maji, Nakiru. Naapa."

"Na nyuma ya maji?"

Nikamtazama Ekuru. Ekuru akaanza kukagua tairi lisilo na shida yoyote.

Mama Awoi hakuinuka kwenye kigoda chake. Akasema maneno machache, polepole. Ekuru akayatafsiri akiangalia chini: Mama anasema mto ukija huondoka, askari akija haondoki. Anasema yeye atakaa na mto.

Na wote wakamtazama yeye. Hapo ndipo nilipoelewa — asipoinuka, hakuna atakayeinuka. Nikaona kofia ya Mureithi mkononi mwake kule Kakuma. Nikaona ule mchanga.

Awoi akaongeza swali. Ekuru: Anauliza, nani anasema tutarudi?

"Mimi," nikasema. "Mwambie mimi, Jerotich. Maji yakishuka mtarudi."

Ekuru alinikazia macho. Nikafikiri hatatafsiri. Akatafsiri.

Bibi akainuka. Akanipa kigoda nimbebee. Na watu wakaanza kukimbia — mbuzi, masufuria, ngozi za kulalia, watoto! Kabla jua halijazama ukingo ulikuwa mtupu.

Sina ruhusa ya kuahidi kitu hata kimoja katika wilaya hii. Mungu wangu.

Jumatano, 27 Aprili

Maji yalikuja kulipopambazuka. Tuliyatazama kutoka uwanja wa shule. Kwanza ndege wakaruka wote pamoja. Halafu mto ukawa mpana, mwekundu, una povu, na vile vibanda vya chini vikaondoka kimya kimya kama vimeamua vyenyewe. Vya juu vimebaki. Cha Nakiru kimesimama, kina tope hadi magotini.

Hakuna aliyekufa. Hata mmoja! Wanawake waliimba. Nilipewa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa mbele ya watu wote, wakashangilia. Mama Awoi alinitemea mate kidogo kwenye paji la uso — ni baraka, Ekuru akasema, usijifute.

Bwana Mureithi alinishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na machozi, nami nikalia. Alikuwa na furaha ya kweli yule mtu. Kisha akageuka akawaita askari washuke wakasimame mtoni.

Alhamisi, 28 Aprili

Nimemwambia. Nimesimama mbele ya meza yake nikasema niliwaahidi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema: Safari hii mto umekuita kwanza kabla ya kuja. Siku nyingine utakuja usiku wa manane, au Cornelius atakuwa na homa, au betri yako itakufa. Siku hiyo utawaahidi nini? Umesahau Kakuma?

Nilimkumbuka yule mama na wanawe.

Nami nikamwambia: Na siku nyingine nikishuka kuwaambia maji yanakuja, nani atainuka?

Akatazama dirishani. Tukakaa hivyo, watu wawili waliookoa mji, hatutazamani.

Mwishowe nikasema vibanda vya juu havikubebwa na maji, viachwe. Watu wa vile vya chini ndio wahamishwe, lakini kisima kichimbwe kwanza kule kwenye mawe, na waambiwe kabla, si baada. Akasema amri imekwisha kutoka. Akasema nikapumzike.

Kupumzika!

Ijumaa, 29 Aprili

Naandika ndani ya Land Rover, goti ndilo meza. Injini imezimwa. Joto.

Mto umeshuka. Maji yamerudi katikati, tope linapasuka juani. Watu wameshuka kutoka shuleni, wote, wamebeba nguzo na majani mapya ya mikoma kichwani. Mbele yao askari wamejipanga na marungu. Hakuna anayesukuma. Bado.

Asubuhi Bwana Mureithi alikuja mwenyewe nyumbani kwangu. Amenyoa, hajalala. Akasema, wanakusikiliza wewe. Ukiwaambia wewe, watakwenda kwenye mawe kwa amani. Nikisema mimi, watasukuma, na vijana hawa watatumia rungu. Kuna watoto pale. Unataka hivyo? Nikamwuliza kama kisima kimeanza kuchimbwa. Akasema ameandikia Nairobi.

Nimekuja. Sijui kwa nini nimekuja. Nilidhani njiani nitajua.

Ekuru yuko usukani. Ameulizwa kama atatafsiri, akajibu atatafsiri nitakachosema mimi, neno kwa neno, na halafu ataacha kazi kama neno lenyewe ni la kuwapeleka kwenye mawe.

Nakiru ameniona. Hakunipungia. Ameshusha mzigo wake chini, anangoja. Mama Awoi yuko mbele kabisa, karibu kugusa kifua cha askari, na hamtazami askari. Anatazama gari.

Bwana Mureithi anakuja na kipaza sauti. Amefungua mlango wa upande wangu. Anasema, haya, Jerotich.

Wote wamegeuka kunitazama. Hata mbuzi. Naweka kalamu, nashuka —