Choo juu ya jiko ya mama

Kamate, leo nimepata haya.

Nilipeleka watoto kwetu kwa zamani, pale volkano ilipitaka. Nikatoa kofia: "Chini ya haya mawe iko nyumba yetu. Hapa mama yangu alipikaka sombe, majani ya muhogo, na pale ndiyo kwao na mama yenu."

Mwanamuke mumoja akatoka mu nyumba ya karibu. "Papa, hapo umesimama ni choo yetu."

Choo, Kamate! Juu ya jiko ya mama! Wakubwa walipima upya viwanja, wakauzisha mpaka kumbukumbu zetu.

Watoto wakacheka. Kisha Élodie akauliza polepole: "Papa, kweli ilikuwaka hapa?"

Marehemu Ernestine, mama yao, angemujibu. Sasa, kuniacha mimi, mwenye aliona ile nyumba umebaki wewe tu.

Tuma sauti yako kwa simu, uwaambie hata rangi ya mulango.