Majoka ya Jumamosi ya Wafu

Ruse,
Ijumaa mchana.

Kaka yangu mpendwa Ognyan,

Salamu nyingi zikufikie huko Valencia, wewe na wifi. Natumaini mgongo wako umetulia na msimu wa machungwa haujakumaliza. Sisi huku tunapumua. Goti la Mama linamsumbua kila mvua inaponyesha, lakini anakula, anagombana na redio, na anakulaumu kwamba hupigi simu. Kwa hiyo ni mzima.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu Mama huwa ametega sikio, na haya sitaki ayasikie kabla sijamwambia mwenyewe.

Kazi yangu unaijua kijuujuu. Mwaka mzima tumekuwa tukiunda mchezo wa simu wa kuwinda majoka. Mtoto anainua simu, anautazama mtaa wake kupitia kamera, na kwenye kioo anaona ukuta uleule anaoujua, ila joka limekaa juu yake. Analipiga moto kwa kidole mpaka lipasuke. Mimi nilipewa kuamua joka likae wapi. Kwenye ukuta mtupu kamera haiwezi kulishika, linayumba kama mlevi. Inahitaji kitu bapa chenye maandishi na picha. Nikaamua majoka yatoke kwenye karatasi zilizobandikwa mitaani, popote zilipo, na joka likifa, karatasi nayo ionekane inaungua. Ule moto niliubuni mimi, na nilijivunia kuliko vyote.

Sasa niambie, kaka, ni karatasi gani zimejaa mitaani kwetu?

Mabango ya matamasha hung'olewa. Zisizoguswa na mtu ni zile ambazo jamaa hubandika kuwakumbuka marehemu, zenye picha, jina na fremu nyeusi, mlangoni, kwenye nguzo, kituo cha basi, za arobaini, za mwaka, za miaka mitatu. Ofisi nzima tumezaliwa katikati yake na hakuna aliyeziwaza. Tumezizoea mpaka hatuzioni. Majaribio tuliyafanya kwenye jengo jipya la maduka, ambako mtu haruhusiwi kubandika hata stempu.

Juzi watoto wa mtaa wetu walipewa mchezo waujaribu. Hawakufika mbali. Walikusanyika mlangoni kwa Bibi Stanka, mbele ya picha ya marehemu mumewe, wakipiga kelele, "Mpige usoni! Usoni, wewe!" Bibi akatoka na ufagio. Akawauliza Dencho wake amewakosea nini, yeye aliyekuwa akiwatengenezea baiskeli bure. Mmoja akamwonyesha simu ili aelewe kuwa ni mchezo tu, na hapo ndipo bibi alipomwona mumewe akiungua kuanzia kidevuni. Aliketi palepale kizingitini. Alisema aliyetengeneza kitu kile hana wafu wake.

Mama, tuliyekuwa tukipita naye tukitoka sokoni, akaitikia kwa sauti kuliko wote. Yeye anajua natengeneza michezo ya watoto, lakini haikumpitia akilini kwamba huo ni wangu. Alisema huyo lazima ni mtu wa jiji la Sofia, hana malezi, na angempata angemlisha hiyo simu pamoja na chaja yake. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimembebea mfuko wa vitunguu.

Jana nikamwambia mkuu wangu, Krasimir, kwamba mchezo usitoke Jumamosi hii. Akasema tutarekebisha baadaye, wafu hawana simu, hawatalalamika. Wenzangu wakacheka. Nikawauliza Jumamosi hii ni siku gani. Hakuna aliyeikumbuka, na kalenda inaning'inia juu ya vichwa vyao! Nikawaambia ni Jumamosi ya Wafu. Mama zetu watakuwa wanarudi kutoka makaburini walikopeleka ngano ya kuchemsha na divai, karatasi mpya zimebandikwa kila lango, na watoto wako mtaani wanawachoma moto babu zao. Krasimir akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akakiri kuwa mama yake naye kamwagiza divai. Halafu akasema matangazo yameshatoka redioni, mchezo utatoka.

Nikarudi mezani kwangu, nikaufundisha mchezo kwamba ukiona fremu nyeusi usitoe joka, nikaupeleka hivyo bila kumuuliza mtu. Leo asubuhi nilitoka stesheni mpaka nyumbani nimeinua simu, sikukutana na joka hata moja. Mji mzima mtupu. Krasimir aliponipigia hakupaza hata sauti. Aliniambia nimeua mchezo, na Jumatatu nisije. Basi, unga umemwagika.

Usinipongeze, kaka. Usidhani nilifanya haya kwa huruma ya Bibi Stanka. Kuna jambo sijamwambia mtu.

Jumapili iliyopita, kabla watoto hawajapewa mchezo, niliujaribu mwenyewe langoni petu. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga ulikuwa mzuri. Joka likatoka, likatulia bila kutikisika, mara ya kwanza tangu tuanze. Nikalipiga. Karatasi ikashika moto, moto ukapanda polepole kwenye masharubu, unywele kwa unywele, nikarukaruka pale njiani nikipiga makofi, "Imekubali! Imekubali!" Masharubu yalikuwa yameshateketea ndipo nilipoona ni ya nani.

Ilikuwa karatasi ya Baba, ya miaka mitatu. Niliibandika kwa mikono yangu. Na aibu ilinifunga mdomo, sikuwaambia ofisini. Ningesema Jumatatu, Bibi Stanka asingeona alichokiona.

Nilipoingia ndani nilimkuta Mama dirishani. Alikuwa ameniona. Nikasimama nikingoja anirukie. Alikuwa na machozi, lakini alitabasamu. Alidhani nilikuwa nampiga Baba picha. Akaniuliza, "Ulikuwa unamwambia nini baba yako, mwanangu, mpaka ukafurahi vile?"

Nilimjibu nilikuwa namwambia kazi yangu imekamilika. Akanikumbatia. Tangu siku hiyo, na goti lake lile, kila asubuhi anajikokota mpaka langoni, anasimama mbele ya picha na kumsimulia Baba habari za mtaa. Anasema amejifunza kwangu, na kwamba usingizi umemrudia. Habari za mchezo wa Sofia ameshampa zote.

Kesho tutakwenda kaburini. Ngano ameshaichemsha. Amesema nianze mimi kuongea na Baba, eti mimi ananisikiliza. Hapo ndipo nitasema, ili wasikie wote wawili. Naogopa, kaka, kama sijawahi kuogopa. Lakini siwezi kumwacha aendelee kuniiga kwa jambo ambalo sikulifanya.

Barua hii ikikufikia, yatakuwa yamepita. Tafadhali mpigie Mama. Usimuulize habari zangu kwanza. Muulize kama asubuhi bado anatoka kwenda langoni.

Nisalimie wifi sana, na mgongo wako uutunze.

Dadako akupendaye,
Ralitsa