Pini Mbili za Kina Pennaby

Grand Prairie, Texas

Dada yangu Salima,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika, maana wewe hujawahi kupokea heshima kimyakimya. Goti la kulia linaendeleaje? Na yule jogoo mwenye kisirani bado yupo, au mlimla Idi bila hata kunitaja? Mimi ni mzima. Meno ya juu yamenihama yote, nimewekewa ya bandia. Zuhura mwanangu anasema nimependeza. Nikijitazama kwenye kioo namwona punda aliyefanikiwa.

Barua hii isome peke yako, ndani, mlango umerudishwa. Miwani unayo, na kusoma unajua. Uliingia kisomo cha ngumbaru una watoto watano ukanipita mimi wa darasa la nne. Nina ombi moja tu, nalo ni lile lile la miaka yote: jina la baba. Sasa umekunja uso. Ukunje, lakini endelea kusoma, maana safari hii sikuulizi kwa utundu.

Nilikuambia kwamba nafanya kazi uwanja wa ndege. Zuhura hakutaka. “Baba, umekuja kupumzika.” Nikamwambia kupumzika nitapumzika kaburini, na huko sina hakika kama kuna mtu wa kupiga naye soga. Kazi yenyewe ni kusukuma viti vya magurudumu. Mtu akishuka kwenye ndege na miguu yake imegoma, mimi namsukuma mpaka kwenye ndege nyingine. Ni kazi nzuri. Wao wamekaa mbele, mimi niko nyuma, na hakuna anayeona ninavyomkunjia uso akinisemesha vibaya. Kifuani navaa beji yenye picha yangu, na chini ya picha imeandikwa Rajabu Pennaby.

Siku moja mchana nikapewa bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba kama ufito, ametoka kwake Houston anabadili ndege aende Uingereza. Nikainama kumwekea mkoba wake mapajani, akaishika beji yangu.

“Hii ni yako?”

“Mama, sura hii unaona kuna mwingine angekubali kuiazima?”

Hakucheka. “Hilo jina umelipata wapi?”

“Nimelikuta nyumbani.”

Akaniambia nisimame. Tukasimama katikati ya watu, nyuma yetu wanatukana kwa adabu kama wanavyojua wao. Akafungua mkoba, akatoa pasi ya kusafiria, akaniwekea kidole: Dorothy Pennaby. Nikamwambia, “Kumbe ndugu! Mbona hatukukuona msibani kwa baba?”

Dada, yule bibi alikuwa mwalimu, na tangu astaafu kazi yake ni moja tu, kufuatilia hilo jina. Anaandikia makanisa ya kwao, anasoma vitabu vya mazishi, anapiga simu kwa watu asiowajua. Anasema ni jina adimu sana. Uingereza wamebaki wazee wachache ambao hata hawasalimiani. Australia kuna nyumba moja. Texas nzima yuko yeye. Akanihesabia wote kwenye vidole, na vidole vikabaki.

Nikamuuliza, “Na Muheza?”

“Muheza ni nini?”

“Mama,” nikamwambia, “Muheza peke yake tuko arobaini na mmoja, bila kumhesabu aliye tumboni mwa Mwajuma.”

Nusura ndege imwache. Nami nilirudi kusukuma viti kifua mbele. Miaka yote tulikuwa tunajiona kuku wa kuazimwa, kumbe sisi ndio wenye banda!

Aliporudi toka Uingereza akatualika kwake. Zuhura akaomba ruhusa kazini kwake hospitalini, tukaenda na gari, saa nne nzima, barabara imenyooka hata dereva hana cha kulalamikia. Tulipokaribia Houston nikashusha kioo. Hewa ikaingia nzito, ya majimaji, yenye chumvi kwa mbali, hewa ya Tanga kabisa kabla ya mvua za masika. Nikatoa uso nje. Zuhura akaniuliza, “Baba, unaumwa?” Nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Vumbi lenyewe halikuwepo, na mtoto yule ni nesi, si mjinga, akaacha kioo wazi.

Nyumbani kwa bibi Dorothy ukuta mmoja wote ni ramani ya dunia. Amechomeka pini zenye vichwa vyekundu kila mahali alipopata mtu wa jina lile. Uingereza zimebanana mahali pamoja, nyingine moja moja zimezagaa kama punje zilizomwagika kwenye gunia bovu. Afrika hakuna hata moja.

Akatutengea chai isiyo na tangawizi, Mungu amsamehe, akatufungulia kitabu alichokipiga chapa mwenyewe. Kumbe Pennaby kilikuwa kijiji, huko kaskazini mwa Uingereza, mlimani. Yeye amefika. Anasema hakuna kitu, ni mawe ya msingi na kondoo. Nikamuuliza sasa hao watu waliitwaje kwa jina la kijiji, hawakuwa na baba? Akaniambia neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. Akasema, “Walipokuwa wanaishi Pennaby hakuna aliyemwita mwenzake Pennaby. Wote walikuwa wa hapo, ingesaidia nini? Mtu aliitwa hivyo alipohama. Alikofikia ndiko walikomwita: yule wa Pennaby.”

Nikaweka kikombe chini. Kazini kuna Mkongo mmoja ninayesukuma naye viti, ananiita Papa Muheza. Kila siku: Papa Muheza, umekula? Papa Muheza, leo mgongo vipi? Nimezaliwa Muheza, nimezeeka Muheza, na hakuna mtu wa Muheza aliyewahi kuniita Muheza. Na baba je? Kwenye kambi ya mkonge walikuwa wakimwita Muha. Kwao Buha, huko Kigoma, nani angemwita Muha?

Basi akaendelea kufunua, mpaka akamfikia Bwana Pennaby wetu. Yule yule meneja wa shamba la mkonge, mwenye kofia, ambaye wewe ulikuwa unamwigiza anavyotembea kama amekalia sisimizi. Kwenye kitabu ana mstari mmoja: alikwenda Afrika Mashariki, hakuoa, hakuacha mtoto. Bibi akausoma kwa sauti. Akaniangalia. Akamwangalia Zuhura. Akaniangalia tena, mashavu yamemwiva.

“Huenda,” akasema polepole, “kitabu kimekosea.”

Dada, hapo ningeweza kusema. Sikusema. Nikanywa chai. Nikageuza uso kidogo ili aione pua yangu vizuri, achague mwenyewe. Zuhura ananipiga teke chini ya meza, mimi naomba sukari. Nilimwacha yule bibi aamini kwa muda wa vikombe viwili vya chai kwamba mimi ni damu ya Bwana Pennaby iliyoponyoka usiku usioandikwa kitabuni. Nilikuwa nacheka mpaka kwenye kucha.

Kisha akatoa kitambaa akajifuta macho. “Sina mtoto,” akasema. “Nilidhani jina hili nitaondoka nalo. Kumbe liko kwako, arobaini na mmoja.”

Nikasogeza sukari kando. Nikamwambia, “Mama, subiri. Nimekutania, na utani umezidi.” Nikamweleza.

Wewe unayajua haya, ila nataka uyasome kwa mkono wangu, ujue nami nayakumbuka. Kwamba baba aliletwa Tanga na wenzake toka Buha, manamba wa mkataba, kwa treni. Kwamba shamba la kwanza lilimshinda, akatoroka kabla mkataba haujaisha, akaja kuomba kibarua kwa Bwana Pennaby akajitaja Juma, basi. Juma mtupu, kwa sababu jina lake lenyewe lilikuwa linatafutwa. Akapewa kipande, ile kadi ya vyumba thelathini, kila siku ukimaliza kazi chumba kimoja kinatiwa sahihi. Na Bwana Pennaby hakumwamini nyapara, alikuwa anasaini mwenyewe, jina zima, kwa mwandiko wa kujivunia.

Mimi nilipopelekwa shule ya shambani, mwalimu akauliza jina la baba. Nikasema Juma. Juma nani? Sijui. “Nenda kalete karatasi yoyote ya baba yako.” Nikaleta kipande. Mwalimu mgeni, ametoka pwani, hajawahi kuona kipande maishani mwake. Akatazama: Juma mara moja tu, Pennaby mara thelathini. Akasema, “Huyu mzee anaupenda ukoo wake.” Akaandika.

Nilipomsomea baba jioni ile, kwa fahari ya mtoto anayejua herufi, alikuwa ananoa kisu cha mkonge. Alikuwa anaimba Kiha, kama kawaida yake akiwa peke yake, akanyamaza. Akauliza, “Limeandikwa kwa wino?” Nikasema kwa wino. Akafikiri, akacheka kidogo. “Basi wacha. Huko hakuna atakayenitafuta.” Kuanzia hapo wewe, mimi na wadogo zetu, na watoto, na wajukuu, wote tumejificha ndani ya sahihi ya Mzungu.

Nilidhani bibi atatufukuza. Akakifunga kitabu. Kisha akauliza, “Baba yako alilichagua?”

“Hapana. Alinyamaza tu.”

“Na yule wa kwanza wa kwetu hakulichagua,” akasema. “Aliitwa na watu wa ugenini, akanyamaza.” Akainuka kwa shida, akanishikia kopo la pini. “Tuonyeshe Muheza.”

Nilitafuta, Dada. Miwani ninayo, na bado nilikosa. Ramani yao imeweka Tanga, Muheza haimo. Nikapapasa toka baharini kuingia ndani kidogo, kama mtu anayetafuta swichi gizani, nikachomeka. Pini nyekundu, Afrika nzima, peke yake. Hapo ndipo tulipo, mimi nikaona mpaka uani kwako, mpaka mfenesi na kamba ya kuanikia.

Kisha nikamwomba pini ya pili. Akasema, “Kuna kina Pennaby pengine?” Nikasema hapana, hii ni ya mahali alipotoka asiye Pennaby. Akanipa. Nikapeleka mkono Kigoma, nikabaki nimeushika hewani. Buha ni kubwa. Sijui kijiji, na jina la kuulizia sina. Nikaitia pini mfuko wa shati.

Sasa ombi. Mwezi ujao naapa uraia wa huku. Usianze kulia, ni karatasi tu ya kunisaidia nije nyumbani na kurudi bila maswali. Muheza haifutiki kwa kiapo. Kwenye fomu kuna mahali wanauliza kama unataka kubadili jina. Karani, mama mmoja mnene mpole, ameniambia naweza kulileta kabla ya siku ya kuapa. Nilikuwa nimeazimia kulitupa la Bwana Pennaby. Baada ya Houston nimeshindwa. Nimemwahidi yule bibi kwamba litabaki mwisho, mahali pake. Lakini katikati nataka kuweka la baba. Mara moja tu katika dunia liandikwe kwa wino, na mtu aliyesimama wima, kwenye ofisi ya serikali, hajifichi.

Najua alikuambia wewe peke yako alipokuwa anakata roho, mimi niko Tanga mjini nahangaika na upuuzi wangu. Najua alikuapisha, “Usimwambie Rajabu, mdomo wake hauna mlango.” Alisema kweli. Ningelitangaza sokoni kabla ya hitima. Lakini hebu fikiri, Dada. Lile shamba alilotoroka sasa ni vichaka na nyani. Aliyekuwa akimtafuta amekufa, na karani wake amekufa, na mbwa wa karani. Aliyebaki na amana hii ni wewe peke yako, na wewe una goti bovu na presha. Ukienda nalo, baba atakuwa ametoroka kweli. Nami mdomo wangu sasa una mlango: meno ya bandia, nikiropoka yanadondoka.

Usinipigie simu kunitajia. Simu ya kwenu inasikilizwa na mtaa mzima. Liandike.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie mabao anayonidai, mimi namdai zaidi. Nisalimie mdogo wetu Hamisi na mkewe, na Mwajuma binti yake. Akijifungua salama mniambie, nimjulishe bibi Houston tuko arobaini na wawili. Nisalimie wifi zako wote wawili, kwa zamu, wasigombane. Kaburi la mke wangu lipalilieni, mwambieni bado sijapata wa kunipikia mhogo. Zuhura anakuamkia. Wajukuu nao wanakuamkia, kwa Kiingereza, lakini magoti wamepiga.

Pini ile nimeichomeka hapa chini, angalia isikudunge. Mahali ilipo ndipo pa kuandika. Ukishaandika, kata kipande hiki cha karatasi, nirudishie pamoja na pini yenyewe. Taja na kijiji.

Mimi mdogo wako, mwenye mdomo,

Rajabu ........................ Pennaby