Kilindi cha Baba Chini ya Daraja

Shauri Moyo, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama, ambaye najua ndiye anayekusomea huku wewe ukitafuta miwani. Mguu wako unaendeleaje? Umeacha kumficha daktari, au bado unamwambia ni uchovu tu? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niuelezeje, lakini nitajaribu.

Barua yako ilinifikia. Umesema mahindi yakishavunwa utapanda basi uje Nairobi, na hutaki kuona kitu kingine chochote ila daraja la hapa Shauri Moyo na kilindi kilicho chini yake, mahali ulipokuwa ukivua na Mutua mchonga vinyago siku za Jumapili mlipokuwa vijana. Nimeisoma barua hiyo hadi imechakaa kwenye mikunjo. Imenibidi nikuandikie mambo niliyokuwa nimekuficha, na unisamehe.

Unakumbuka nilikuambia kwamba kiwanda cha nguo kilipofungwa, mitumba ilipojaa mjini, nilipata kazi ya kufunga ndoano. Unashika ndoano ndogo sana, unaizungushia uzi na manyoya ya jogoo mpaka ifanane na mdudu. Wazungu huirusha juu ya maji kwa fimbo nyembamba, na samaki akidanganyika ananaswa. Ulicheka ukasema huo ni uchoyo, kumnyima samaki hata tonge la ugali. Nilichokuficha ni kwamba tangu mwaka jana mwenye karakana, Bwana Harun, alinitoa mezani akanifanya kiongozi wa wageni. Kila Jumamosi asubuhi nawapeleka kando ya mto, wanavua huku nikiwasimulia habari za zamani za Eastlands. Na habari zenyewe, Baba, ni zako. Nimekuwa nikila kwa mdomo wako.

Tukipita Kariokor nawaambia jina lilitokana na wapagazi wa vita vya Wazungu, na kwamba Babu alikuwa mmoja wao, akarudi nyumbani na blanketi moja na kikohozi. Nawaambia mlivyoishi wanaume wanne chumba kimoja, kipande cha mkoloni mfukoni, na jinsi mlivyovua viatu vya kanisani mkashuka mtoni na vidonge vya ugali. Tukifika darajani nawasimulia yule kambare wenu mkubwa, aliyepikwa kwenye karai mpaka safu nzima ya nyumba ikala. Wageni hupenda hapo. Wengine hutoa daftari wakaandika.

Shida ni kwamba hawakamati kitu. Juu kule msituni, kabla mto haujaingia mjini, huwa wanapata visamaki viwili vitatu. Huku kwetu maji ni meusi, yanabeba oili ya gereji, uchafu wa soko na wa vyoo. Ndoano niliyoifunga nusu saa inarudi imevaa karatasi ya nailoni. Vijana wanaokaa darajani wamenipa jina.

"Sema, fundi wa karatasi," wananiambia. "Leo mmeshika ngapi, buda?"

Mwanzoni nilicheka nao. Siku hizi napita nikiangalia chini.

Mwezi uliopita Bwana Harun aliniita. Si mtu mbaya. Alisema wageni wanalalamika, hadithi ni tamu lakini wao walikuja kuvua. Akanipa Jumamosi moja tu. Asipopatikana hata samaki mmoja upande wa Eastlands, safari zinafungwa, na kule mezani mahali pangu pameshachukuliwa na mwingine.

Basi nikafanya ujinga. Ijumaa jioni nilienda soko la Gikomba kwa mama mmoja wa kwetu anayeuza kambare hai kwenye beseni. Huyo niliyemchagua alikuwa amesafiri kutoka huko nyumbani ndani ya gunia lililoloweshwa maji, akakaa kwenye beseni siku mbili, na bado alikuwa akinirushia maji usoni. Unamjua kambare, hata kwenye tope lililokauka hungoja mvua. Nilimfunga ulivyonifundisha kule mto Nzoia, kamba ya mkonge kupitia shavuni na mafundo mawili, nikaipigilia kigingi chini ya daraja, kwenye kilindi chako. Nilipanga nirudi alfajiri, niikate kamba kabla mgeni hajafika. Ndoano yenyewe nilikuwa nimeipaka maini, ili kambare akiachiwa aikimbilie. Hata niliomba, Baba, na nilijua ninaloomba si la kanisani.

Asubuhi gari la Bwana Harun likaja mapema kuliko tulivyopatana, nikashindwa kutangulia. Mgeni alikuwa mama mzee, Mzungu aliyezaliwa Nakuru, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Njia nzima nilisimulia habari zako huku jasho likinitoka. Nikasimulia kambare wa karai kabla hata hatujafika darajani, kwa sababu sikuweza kunyamaza.

Tulipofika, samaki wangu alikuwa akielea tumbo juu kwenye ncha ya kamba, mashavu yamegeuka meupe. Beseni la Gikomba alilivumilia siku mbili. Kilindi chako hakikumfikisha asubuhi. Nilisimama pale nikahisi kama nimemuua mtu wa nyumbani. Hata vijana wa darajani hawakunitania.

Yule mama alichuchumaa, akaivuta kamba kwa fimbo yake, akalitazama fundo.

"Huyu ametoka sokoni," alisema.

Nikakubali. Sikuwa na uongo mwingine. Nilingoja anikaripie, na ingekuwa afadhali. Badala yake aliniuliza, "Yule baba yako wa kwenye hadithi, yuko hai?"

Nikamwambia uko hai, na kwamba baada ya mavuno unakuja kuona hapa.

Aliyatazama maji. "Basi usimwambie," alisema. Akakunja fimbo yake bila kuulowesha uzi.

Sidhani alinichongea. Lakini Bwana Harun aliuliza kama samaki alipatikana, nami nikasema hakupatikana. Safari zimefungwa. Sasa ni wiki ya pili nasimama kwenye mageti ya viwanda na wanaume wengine, tukingoja wanaotafuta vibarua. Huchaguliwa wenye mabega mapana. Mimi vidole vyangu vimezoea manyoya, na wanaviona. Sioni kitakachobadilika, Baba. Ningekuandikia kwamba naona, lakini nimechoka kudanganya.

Nilitaka kumtii yule mama, nikufiche mto ulivyogeuka. Ningeweza kukuambia daraja linatengenezwa, au kwamba hakuna mahali pa kulala. Lakini nakujua, ungekuja tu na mguu huo, ushuke pale umeshika viatu mkononi, na mimi nisimame nyuma yako nikiutazama mgongo wako. Hilo siliwezi. Usije, Baba. Kaa huko, na ukiwasimulia watu habari za daraja, uzisimulie kama ulivyokuwa ukinisimulia mimi, bila kuongeza haya ya kwangu.

Msalimie Mama, na asilie, maana najua amefika hapa kwenye kusoma na sauti imeanza kumpotea. Nisalimie dada yangu mkubwa na mumewe fundi baiskeli, na Mjomba wa kanisani mwambie nyimbo zake nazikosa. Waambie wote niko kazini.

Na Mzee Mutua, ukimwandikia huko Machakos, yeye usimwambie.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Wafula