Babu Aulizwe Mara Moja

Jumatatu, 5 Septemba 2016

Kikao hekaluni. Nilichoka hata kabla hakijaanza. Mwenye kiwanja anataka ardhi yake, ila anamwogopa Babu, mungu wetu. Babu akikubali, sanamu yake itahamia jumba la pamoja la mahekalu, ng'ambo ya barabara kuu. Akikataa, tutaachiwa kipembe hiki.

Mwenyekiti Teong Hock akatupa vile vipande viwili vya mwanzi vya kumwulizia Babu, tumbo bapa, mgongo wa mviringo. Migongo yote juu — kakataa. Akatupa tena. Matumbo yote juu: Babu anacheka, hajajibu. Akatupa tena, bado anacheka. Mara ya nne, tumbo moja, mgongo mmoja. "Haya! Kakubali!"

Nikasema ukimwuliza mtu mpaka akubali, hujamwuliza. Akajibu kwamba Babu ni mzee, masikio mazito. Watu wakacheka. Hata mimi, kidogo. Lakini wamekubali: Jumapili ataulizwa upya, na kanuni nitaziandika mimi. Nilidhani nilishaagana na chaki!

Jumatano, 7 Septemba 2016

Siew Gnoh kaja na kigari chake cha kutembelea, kapumzika kila ghorofa — lifti mbovu tena. Tulihamishwa pamoja mwaka wa hamsini, tukiwa watoto, askari wa mkoloni wakichoma nyumba nyuma yetu. Mama yake alimbeba Babu ndani ya tenga la kuku. Wakatuweka kijiji chenye seng'enge. Barabara kuu ikala kijiji, tukapewa maghorofa. Kila mahali sahani zilivunjika, majirani wakapotea. Babu tu ndiye tuliyefika naye.

"Wakimvusha barabara, shoga, asubuhi nitaamkia nini?"

Nikamfundisha hesabu ya vipande. Yeye husema majibu ni matatu — ndiyo, hapana, kicheko — basi kila moja ni theluthi. Kosa la wote hapa. Nikaweka sarafu mbili mezani, kuukuu na mpya. Matokeo ni manne, si matatu. Hapana huja kwa njia moja. Kicheko kwa njia moja. Ndiyo huja kwa mbili: kuukuu tumbo juu na mpya mgongo juu, au kinyume chake. Nusu nzima!

Akazigeuzageuza sarafu. "Kumbe Babu ni mkarimu hivyo."

Ijumaa, 9 Septemba 2016

Mwenyekiti kaleta keki za mwezi, zile za sikukuu, mbili kala mwenyewe. Tumepatana. Jambo kubwa hutaka ndiyo tatu mfululizo. Ikikosekana moja, Babu kakataa. Hakuna kurudia. Atakayetupa ni mkubwa wetu kwa umri — Siew Gnoh, maskini. Swali kaliandika yeye Mwenyekiti: Babu, wakubali kuhama?

Nilimweleza. Nusu ya nusu ya nusu. Moja kati ya nane.

"Mwalimu, ama atahama ama hatahama. Nusu kwa nusu! Hizo nane zako ziache darasani."

Nikamwambia mara ya pili. Akaomba chai. Angeuliza "wakubali kubaki?", ile moja ya nane ingekuwa yetu sisi tunaotaka abaki. Nimechoka kubishana. Kanuni iko ubaoni hekaluni, na matokeo yote manne nimeyachora.

Jumapili, 11 Septemba 2016

Joto. Watu hadi barazani. Siew Gnoh akapigishwa magoti juu ya mto, akauliza kwa sauti ndogo. Akatupa.

Ndiyo.

Mwenyekiti akapiga paja. Ya pili — ndiyo. Siew Gnoh akageuka kunitazama. Nimsaidie nini? Vipande havikumbuki viliangukaje. Kwa mtupo uliobaki ilikuwa nusu kwa nusu kweli. Safari hii Mwenyekiti ana haki.

Akatupa ya tatu. Kipande kimoja kikalala, tumbo juu. Cha pili kikabingirika hadi mguu wa meza ya ubani, kikauegemea. Kikasimama. Kwa ncha!

Kikiangukia tumbo, mgongo juu, ni ndiyo. Kikiangukia mgongo, tumbo juu, ni kicheko, na Babu anabaki. Mtu akazima feni. Mwenyekiti akautazama ubao, kisha mimi: "Mwalimu, hii umeichora wapi?"

Sikuichora. Nikaomba muda hadi kesho.

Jumatatu, 12 Septemba 2016

Bado kimesimama. Wamekizungushia viti, paka asipite. Malori ya barabara kuu yanatetemesha sakafu, na kila moja likipita sote tunabana pumzi. Mwenyekiti kaja na lori lake la kuhamia. Kaambiwa alizime mbali.

Ninaandika hapa hapa hekaluni. Jibu la haki ninalo tangu jana: mtupo usiokamilika hauhesabiwi, utupwe tena. Nusu kwa nusu. Wote wananingoja niseme.

Siew Gnoh kaketi kwenye kigoda mbele ya kipande. Kaniomba nisifungue kinywa mpaka amalize chai yake. Nimemkubalia. Anainywa kwa kijiko.