Watani Wetu wa Minarani

Kantembo, Ufipa
Juni, wakati wa kipupwe

Mpendwa mdogo wangu Epifania,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye baridi, ambako asubuhi hata jogoo anawika kwa kusitasita. U hali gani, na hilo tumbo linaendeleaje? Shemeji naye, bado anakoroma mpaka majirani wanahama? Huku sisi tupo. Mahindi tumeshavuna, ulezi uko ghalani, na ng'ombe wa marehemu baba wamenenepa kunishinda mimi. Baba mdogo Alfonsi anakusalimu, na bado ana kile kikohozi chake kinachomshika kila kazi inapotajwa. Salamu zote hizo ni za kweli, zipokee.

Sasa kabla hujaendelea, funga mdomo. Barua hii isome kwa macho tu. Usimsomee mtu, na ukiimaliza itie motoni hukohuko Kabwe, usipande nayo. Najua unanung'unika kwamba ukipiga simu nakujibu "wazima" halafu nakata, na umewaambia watu kwamba siku hizi Jenifa anajisikia. Sijisikii, Epifania. Naogopa mdomo wangu mwenyewe. Na ujumbe wa simu ningekuandikia, lakini simu mnatumia moja na shemeji, na shemeji hajui kusoma kitu bila kukitangaza. Ndiyo maana nimempa Stephano, yule Mnyakyusa mwenye duka Majengo, anayeshuka kufuata dagaa. Yeye hana habari ya kilichomo.

Wewe ulipelekwa Kipili kwa shangazi ungali mdogo, ukakulia ziwani, huku juu ukaja likizo na misiba tu. Kwa hiyo sikulaumu sana, ingawa nakulaumu. Ile minara ya udongo iliyoko mlimani, ambayo siku moja nilikusikia ukimwambia mwanao Kalista kwamba ni vichuguu, si vichuguu hata kidogo. Ni nyumba za Wasengati, na wenyewe bado wamo.

Walikuwapo kabla yetu sisi Wafipa. Wao walifua chuma huku juu, na bondeni kule Rukwa waliishi Wanyuwa, wachemsha chumvi. Mwenye chuma anahitaji chumvi na mwenye chumvi anahitaji jembe, lakini badala ya kubadilishana wakauana, vizazi na vizazi, hadi wakakosa wa kuzika maiti. Waliobaki ndipo wakakaa chini, wakayeyusha mikuki yote, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watapigana kwa maneno tu. Huo ndio utani wa kwanza kabisa. Ila walikubaliana pia kwamba neno litakuwa na nguvu ileile ya mkuki, kwamba likishatupwa limetupwa. Baadaye Wanyuwa waliisha kwa njaa, na babu zetu walipofika kutafuta ardhi, Wasengati wakawapa kwa sharti moja, washike nafasi ya Wanyuwa. Hivyo tukawa watani wao.

Kwetu utani ni kuchekana, yakaisha. Kwao ni sheria. Mtoto wa huku juu anafundishwa hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Msengati mtukane pua, mtukane mwendo, mtukane mama yake ukipenda, atafurahi sana. Lakini usimpe kitu kwa mdomo. Ukimwambia chukua, amechukua. Na lolote linalosemwa juu ya udongo huu wao wanalisikia, maana udongo ndio ukuta wa nyumba zao na ndio ukuta wa nyumba zetu. Ziwani hawasikii. Na maandishi hawayajui, kwao ni mikwaruzo ya kuku.

Unakumbuka siku ya kumzika baba. Wale watu wawili warefu, wekundu kama tofali, walioshuka kaburini wakakataa kutoka, wewe uliwadhania ni watani wetu wa kawaida kutoka ng'ambo. Wale ndio Wasengati. Wazee wakawatukana vizuri kama inavyotakiwa, wakapewa kuku mkononi na pombe ya ulezi mkononi, bila mtu kutamka "chukueni", wakatoka. Yalikuwa yameisha. Ndipo bibi mzee waliyekuja naye akasimama karibu na jikoni akamtazama Kalista, akamshika viganja, akasema mikono hii imeumbwa kwa mivukuto ya kufulia chuma, huyu ni wetu. Na wewe, mdogo wangu, umeshika mwiko, jasho linakutoka, ukacheka ukajibu kama mama yeyote anavyomjibu mtani:

"Mchukueni tu, anamaliza unga."

Uwanja mzima ukageuka kukutazama. Wewe ulidhani wanakushangaa kwa kucheka msibani. Baba mdogo Alfonsi akaangusha beseni la vyombo kusudi, ili sauti yako ifunikwe, lakini alichelewa. Yule bibi akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Tumesikia," akasema.

Kesho yake ukashuka Kabwe kuwahi dagaa, ukamwacha mtoto kwangu kwa ajili ya shule. Nilikusindikiza hadi barabarani na sikukwambia kitu. Nilijidanganya kwamba labda wamezeeka, labda wamesahau.

Epifania, unga ukawa hauishi. Hayo ndiyo yaliyoanza. Mtoto alikuwa anakula ugali na maharage mpaka namwuliza anawapelekea akina nani, akawa anaweka tonge moja mdomoni na kulitoa. Kisha hata maji akayaacha. Hakukonda, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kukonda. Viganja vikaanza kuwa vigumu. Nikimnawisha naona maji yanateleza bila kuvilowesha, na rangi yake imekuwa ile ya tofali lililoiva tanurini. Akawa anakaa kizingitini anapumua kwa nguvu, ndani, nje, ndani, nje, mashavu yamejaa, anatazama mlimani. Nikimwita haitiki. Maneno aliyoyatamka siyo Kifipa wala Kiswahili.

Nilimpeleka zahanati. Ndimyake, muuguzi wetu kutoka Mbeya, binti mwenye moyo kweli, alimpima malaria, akampima choo, akamtazama macho, akaniambia mtoto mzima ila pengine ana huzuni ya babu yake. Padri naye alikuja, akasali, akambariki, akaondoka bila kunitazama usoni. Nilirudi nyumbani nikakuchukia. Nakwambia wazi, nilikuchukia kwa ule mdomo wako wa ziwani, na nilimchukia baba kwa kukupeleka Kipili. Halafu nikalia, maana hata mimi kwa watu wa kawaida hilo neno nimeshalisema mara nyingi tu.

Nikamkokota baba mdogo Alfonsi tukapanda minarani. Alikohoa njia nzima. Kwa Wasengati huendi kuomba, kuomba ni kuwadharau. Unatukana kwanza. Kwa hiyo baba mdogo akasimama mlangoni akamwambia yule bibi kwamba masikio yake yanatosha kuezekea nyumba mbili na choo, na bibi akacheka mpaka akafuta machozi, akatukaribisha ndani.

Humo mna joto na giza, na katikati moto mdogo sana. Bibi alituambia kwamba hawamtaki mtoto kwa ubaya. Kwao hajazaliwa mtoto tangu babu yetu angali kijana, na waliobaki mikono yao imechoka. Moto huo haujawahi kuzimika tangu enzi za mikuki, na lugha yao yote imo ndani yake. Ukizima, wao wote watakuwa udongo siku hiyohiyo. Akasema Kalista hatapigwa, hatalia, ataishi kuliko sisi sote na wajukuu wetu. Atatusahau tu. Alilisema hilo la kutusahau kama mtu anayetaja kitu kidogo. Nilimwonea huruma, Epifania, na huku natamani kumtupia jiwe.

Baba mdogo akauliza kama mwenye neno anaweza kulirudisha. Bibi akasema neno halirudi, likirudiwa linazama zaidi. Ila ipo njia moja waliyoachiana na Wanyuwa. Mtoto aliyetolewa kwa utani, mama yake anaweza kuingia badala yake. Akanitazama kwa muda, kwa sababu siku ile ya msiba jikoni tulikuwa wanawake wengi na kwa umri wake sisi sote tunafanana.

"Mama wa mtoto huyu ni nani?" akauliza.

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nadhani alitaka niseme kwamba uko ziwani, kwamba utaitwa. Nami nikawaza hilo tumbo lako. Nikawaza kwamba ukiingia wewe, wanaingia wawili.

"Ni mimi," nikasema.

Sikusema uongo. Mimi ni dada yako mkubwa, mimi ni mama yake mkubwa, na kwetu mama mkubwa ni mama. Padri mwenyewe hawezi kunibishia. Wasengati hawana mama mkubwa wala mama mdogo, kwao mama ni mmoja. Bibi akainamisha kichwa kama siku ile, akasema wamesikia.

Tuliporudi nyumbani nikakuta mtoto yuko jikoni anakwangua sufuria. Sasa hivi ninavyoandika anacheza rede nje na wenzake, anapiga kelele, na mchana amekula ugali hadi nimemkanya. Viganja vyake ni vya mtoto. Vigumu sasa ni vyangu. Utaona mwandiko unavyoyumba, kalamu inateleza. Njaa siisikii tena. Tumekubaliana kwamba nitaingia siku ya kuanua tanga la baba, kwa hiyo njoo kabla ya hapo, wiki hii kama unaweza, kwani sitaki mtoto alale siku hata moja bila mtu wake.

Yaliyobaki ni mazito zaidi, nayaandika polepole.

Neno likishasikika kwao, linakuwa. Juzi nilimwonyesha Kalista picha yako kwenye simu, ile uliyopiga bandarini na kitenge cha njano. Akauliza huyo ni nani. Nilidhani anatania. Hatanii, Epifania. Hakujui. Anajua kwamba mama yake ni mimi, na anajua hivyo kwa raha kabisa, bila kovu. Ukija, usimwambie wewe ni mama yake. Usimwambie kamwe, hata akiwa amelala, hata akiwa mtu mzima. Siku hiyo Wasengati watasikia kwamba aliyeingia siye mama, na watamfuata mtoto mwenyewe. Utaniambia utamshusha Kabwe umwambie huko wasikosikia. Huko hawatakusikia wao, lakini atakusikia yeye, na mtoto hana kifua. Siku moja atapanda kuzuru kaburi la babu, atalitamka. Kijijini baba mdogo ameshawapitia wote mlango kwa mlango na kikaratasi mkononi, bila kutamka neno. Lile jina la kumtaja mtoto hawatakuita tena. Watakuita Epifania tu, usiwakasirikie. Mwambie mtoto wewe ni mama yake mdogo. Mpende kwa jina hilo.

Na kuna hili, nisipolisema litanikaba nikiwa kule mpaka nilisahau. Baba mdogo anazunguka akisema nimejitoa mhanga. Amekosea. Wewe unajua miaka niliyokaa na marehemu Modesti bila kuzaa, unajua walivyoniita. Nilipotamka "ni mimi" mbele ya ule moto, sikuwa tena nikimwaza mtoto wala wewe. Nilisikia raha. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, na niliporudi akaniita mama bila kuongeza "mkubwa", nilitoka nikaenda nyuma ya ghala nikacheka peke yangu. Wiki zote hizi nimekuwa tajiri kwa mali yako. Kama ungekuwa huna mimba, sijui ningejibu nini. Nimejiuliza na bado sijui. Ndiyo maana nimeandika, maana kwa mdomo nisingeweza hata kama Wasengati wangekuwa viziwi.

Ukishindwa kunisamehe, usijilazimishe. Hasira yako iache ziwani, upande na nguo nzito, baridi ya huku haicheki na mwenye mimba. Atakayezaliwa mpe jina lolote, ila usimtanie kwa mtu.

Msalimie shemeji, msalimie shangazi ukipita Kipili, mwambie namshukuru kwa malezi yako. Kalista ameingia sasa hivi kutaka maji, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia mama yake mdogo. Amesema nikusalimie, na anauliza kama una watoto.

Ni mimi dada yako,
Mama Kalista