Sindano ya Jumapili

Kaka yangu mpendwa, Komeo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba usichoruhusu mtu mwingine akikalie, na shemeji yuko karibu anakugombeza kwa jambo dogo. Mimi mdogo wako nina nguvu za kutosha kuandika, na mwandiko ukiuona umepinda usinicheke, shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa vya kunifundisha. Mke wangu anakusalimu, watoto wanakusalimu, na gereji nzima inakusalimu, pamoja na gari moja bovu ambalo mwenyewe kalitelekeza hapa. Lingekuwa na mdomo, nalo lingekuamkia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo, tena kubwa. Kaka, simu yako naijua. Nikitaja tu neno hospitali unasema mtandao unakatika, na kweli unakatika, kwa kidole chako. Barua haikatiki. Hata ukiitupa, shemeji ataiokota, na yeye kusoma anatushinda sisi wawili tukijumlishwa. Basi tulia, uisome mpaka chini.

Unanijua mimi. Nimeendesha malori, nimebeba mizigo bandarini, nimelala katika miji ambayo wewe unaisikia redioni, na kila nilipopita niliacha jina. Leo hii gari likigongwa bodi ikajikunja kama karatasi, uliza ni nani anayeinyoosha mpaka mwenye gari mwenyewe asijue palipobonyea. Watakuleta kwangu. Kwa hiyo mwaka jana, watu wa kukusanya damu walipotandika vitanda vyao kwenye ukumbi ulio mkabala na gereji, nilikuwa wa kwanza kuvuka barabara. Mafundi wangu walikuwa wanaiogopa sindano. Nikawaambia waje watazame mwanaume anavyotoa. Nikajilaza pale nikatoa damu huku naimba, nikapewa soda na biskuti, nikarudi kazini kichwa kimevimba.

Baada ya wiki kadhaa muuguzi mmoja akanipigia, sauti ya upole mno, akaniomba nifike kliniki. Mimi nikajua wamegundua damu yangu ni ya pekee, wanataka nyingine. Nikavaa shati jeupe. Yule dada akafunga mlango, akanikalisha, akaniambia damu yangu imebidi wasiitumie, maana imeonyesha homa ya ini aina ya C. Nikamwuliza kama ana hakika hajachanganya watu, kwani mafundi ni wengi duniani. Akachukua damu upya, ikapimwa kipimo cha kwanza na cha pili, na majibu yakarudi yale yale. Virusi vimo, vimekuwemo miaka mingi, na ini limeanza kufanya makovu.

Nataka uelewe jambo hili, nikueleze kifundi. Linaletwa gari, rangi inang'aa, sura yako unaiona mlangoni. Unapitisha kidole chini ya mlango, kidole kinazama. Kutu imekula bati kutokea ndani na rangi haina habari. Ndivyo linavyofanya gonjwa hili. Haliumi, halipigi kelele, linakuachia uimbe na ujisifu huku linatafuna. Uchovu ulikuwepo, sikatai, lakini nani afanye kazi na nyundo kutwa asichoke?

Nikamwambia mke wangu tu. Akapimwa, hana kitu, watoto nao hawana. Wewe sikukuambia, na ule msiba wa shangazi niliosema nimekosa kuja kwa sababu ya kazi, hakukuwa na kazi. Nilikuwa nimelala nyumbani natazama dari. Nikajitengea kikombe na sahani. Gereji nikapigilia msumari wangu peke yangu, nikakitundika kikombe pale, mtu asikiguse. Kitinda mimba wangu akija kunirukia nikitoka kazini, namzuia kwa mkono kama polisi wa barabarani. Yule mtoto akaanza kunisalimia kutoka mlangoni. Kaka, hapo ndipo nilipougua hasa.

Muuguzi alinisisitizia niende Alhamisi kwenye chumba cha nyuma ya kliniki ambako wagonjwa wenyewe hukutana. Nikamwambia mimi si mtu wa vikundi. Nikaenda kwa sababu nilisikia kuna chai. Ni chumba kidogo, mabenchi mawili, birika la umeme lenye mfuniko uliovunjika, dirisha linatazama ukuta. Nikasimama mlangoni nimekunja mikono. Mama mmoja mnene, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, akaniambia, "Baba, mgeni rasmi leo hatukualika, vuta benchi ukae." Watu wakacheka. Nikakaa.

Huyo ndiye Mama Cherehani. Yeye aliupata zamani, alipojifungua akapungukiwa damu, akaongezewa ya mtu ambayo enzi hizo haikuwa ikipimwa ugonjwa huu. Anasema yule mtu alimwokoa na kumwachia kazi kwa pamoja, naye hana muda wa kumkasirikia, ana magauni ya watu. Yupo pia dereva wa teksi, huyu aliwahi kujidunga madawa ya kulevya akaacha, na anasema wazi bila kupepesa macho, mpaka mimi mwenye maneno mengi nikaona aibu kwa maneno yangu machache ya kweli. Na alikuwepo mwanaume mmoja mrefu pembeni, kofia imefunika uso. Huyo nitamrudia.

Nilipowasimulia habari ya kikombe changu na msumari, nilidhani watanisifu kwa uangalifu. Mama Cherehani alicheka mpaka akashika ubavu. Akauliza kama huwa nakunywa chai kwa damu. Akanieleza taratibu kwamba virusi hivi njia yake ni damu kwa damu, kwa hiyo wembe wangu uwe wangu, mswaki uwe wangu, kidonda nikifunike, lakini kikombe, sahani, mkono, kukumbatiana, hayo hayana kosa. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nikifika nyumbani nimbebe mwanangu. Nilimbeba. Mtoto alinishangaa kwanza, halafu akanivuta masikio kama zamani. Kesho yake nikaung'oa ule msumari.

Dawa nikaanzishiwa, vidonge vya kila siku kwa miezi mitatu. Na wale watu wana utaratibu wao, sijauona kwingine katika kuzunguka kwangu kote. Kila jioni ukimeza, unambipu mwenzako, simu inalia mara moja unakata. Dereva anambipu yule mrefu, yule mrefu ananibipu mimi, mimi nambipu Mama Cherehani, naye huzungusha kwa wengine. Hakuna maneno. Ni kama kupasiana mpira. Mpira usipofika, wanakuja kukutafuta.

Mimi nikajitia ujanja. Mwezi wa pili kichwa kilikuwa kinauma, na mteja mmoja alikuwa amenitukana, nikajiambia vidonge vya nini na mimi naona niko sawa. Sikumeza, sikubipu. Asubuhi niko chini ya gari, nikaona viatu vya kike vimesimama usoni pangu. Mama Cherehani alikuwa amepanda magari mawili kuja, futi yake shingoni. Hakunigombeza kama nilivyotarajia. Aliwaomba mafundi wangu kiti, akakaa katikati ya gereji, akafungua mkoba akatoa suruali ya mtu, akaanza kuipiga pindo kwa mkono. Mafundi wakauliza huyu ni nani. Akasema yeye ni shangazi yangu, amekuja kunisubiri nimalize kazi ndogo ya nyumbani niliyoisahau, na haondoki. Nilitoka chini ya gari, nikaenda kwenye droo, nikameza kidonge mbele yake. Akakata uzi kwa meno, akakunja suruali, akasema ahsante kwa kiti. Tangu siku ile sikukosa tena hata mara moja, na mafundi wangu mpaka leo wananitisha kwamba watamwita shangazi.

Sasa huyu mrefu mwenye kofia. Alhamisi ya tatu alivua kofia kujifuta jasho nikaona kovu la kwenye paji. Nikapiga kelele. Kaka, ni Kisiki! Kisiki wetu, jezi nambari tatu, yule aliyemgonga mshambuliaji wao akavunjika yeye mwenyewe, akasababisha ile penalti uliyoidaka wewe Komeo! Tulikumbatiana pale mpaka birika likamwagika. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini ukimkasirisha bado anakung'ata kwa macho. Tukakaa benchi moja tunakumbushana timu. Nikawaeleza wenzetu nilivyokuwa Upepo wa winga ya kushoto, na Kisiki, badala ya kunisaidia, akawaambia nilikuwa naanguka mwenyewe bila kuguswa.

Tukacheka, tukafika kwenye habari za Daktari. Unamkumbuka, yule fundi viatu aliyekuwa mlezi wa timu, tukamwita Daktari kwa sababu ya kile kibati chake cha sabuni. Kila Jumapili kabla ya mechi anakifungua, anatoa bomba lake la sindano la kioo, anaifuta sindano kwa kitambaa chenye spiriti, anatuchoma ile dawa ya nguvu, dawa aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe masikini, ili vijana wake wasichoke kipindi cha pili. Bomba moja, sindano moja, timu nzima. Na tulipanga foleni kwa nambari za jezi, tunasukumana, tunatambiana, anayekunja uso anazomewa.

Kisiki akakatisha kicheko, akaushika mkono wake pale sindano ilipokuwa inaingia. Mimi nikaushika wangu. Mama Cherehani alituangalia, akaweka kikombe chini.

Simlaumu Daktari. Ameshafariki, alitupenda, hakujua, nasi hatukujua. Lakini mimi na Kisiki tukaapa kwamba hakuna wa timu ile atakayebaki gizani. Tumezunguka kuwatafuta. Wengine tumewakuta wazima kabisa, wamepimwa hawana kitu. Kiungo wetu wa kati amekutwa nacho, ameshaanza dawa. Na yule nambari tisa wetu, Kaka, aliyekufa tumbo limemjaa maji na macho yakiwa manjano, tukasema karogwa na mjomba wake, tukamsusa huyo mjomba mpaka mzee wa watu akahama mtaa. Nimeenda kwa huyo mjomba. Nilimwambia sasa tunadhani ni ugonjwa huu huu wa ini uliomuua mpwa wake. Alinishika mkono akanikalisha, akaniuliza kama ndugu yangu mlinda lango ameshapimwa.

Hapo ndipo barua hii ilipoanzia. Yote niliyoyaandika juu yalikuwa kupasha misuli.

Binti yako ameniambia unachoka kabla ya jua kukolea, kwamba miguu inavimba ukivua viatu vinaacha alama, na kwamba ukiulizwa unasema ni umri. Najua pia utakachonijibu, nakusikia kabisa. Utasema wewe ulikuwa jezi nambari moja, foleni ulianza wewe, kwako sindano ilikuwa bado safi. Ulikuwa unatutambia hivyo hivyo, mkono wa jezi umeukunja, unasema mlinda lango hanywi makombo.

Kaka, nimelifikiria jambo hili sana. Mechi ikianza, sindano ilirudi kwenye kibati. Jumapili inayofuata ilitoka ile ile. Wa kwanza wa wiki hii alimfuata wa mwisho wa wiki iliyopita. Na wa mwisho, jezi nambari kumi na moja, nilikuwa mimi. Kila Jumapili, Kaka, uliyekuwa unamfuata ni mimi mdogo wako. Labda mimi nilikuwa nimeupata kwa wenzetu wiki zilizotangulia, labda wewe uliponyoka, sijui, na anayejua ni kipimo peke yake. Sikuombi msamaha kwa sababu sikukukosea, nawe usije ukaniambia umenisamehe, nitakasirika. Nataka mkono wako tu, ule ule uliokuwa unaukunjia jezi, uukunjie shati mara moja zaidi.

Sasa sikiliza habari njema, maana siandiki ili nikutishe. Nilimaliza dawa. Juzi nimepimwa tena, virusi havionekani. Makovu ya ini yapo, ndiyo maana pombe nimeiacha na wenye baa wamevaa nyeusi, na kliniki bado naenda kuangaliwa. Kisiki yeye ini lake limechoka zaidi, njia yake ni ndefu, lakini anameza, ananibipu, na Alhamisi anafika kabla yangu. Ukikutwa na virusi utatibiwa. Usipokutwa navyo nitakununulia kiti kipya na utanitukana mbele ya watu, nitanyamaza, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Jumatatu ijayo nitakuwa kwenye benchi la nje la kliniki iliyo karibu nawe, tangu wanapofungua. Kisiki anakuja. Mama Cherehani anakuja, amesema anataka kumwona huyo mlinda lango anayeogopa sindano kuliko mipira. Jezi zetu haziwezi kutuingia tena, lakini foleni tutaipanga vile vile, na nafasi ya mbele tutaiacha wazi. Siku hizi kila mtu ana sindano yake, inatolewa kwenye karatasi mbele ya macho yako.

Mwambie shemeji namheshimu na ninamtegemea. Mwambie binti yako hakuchongea, amefanya kazi ya mtu mzima. Wasalimie majirani wote, hata yule ninayemdai kuku.

Ukimaliza kusoma, nibipu mara moja. Usiseme chochote, simu ilie tu ukate, nitajua mpira umefika. Usiponibipu, Kaka, Mama Cherehani ameshaniomba ramani ya nyumbani kwako, na kile kiti cha kamba nimemwambia kilipo.

Wako asiyechoka kukusumbua,

Upepo, jezi nambari kumi na moja